Fundi Anayekuja Mlangoni

Mwenye gereji ana nafuu moja ambayo watu huisahau: gari linaletwa kwake. Mwenye gari ndiye anayechoma mafuta, ndiye anayekaa kwenye foleni, ndiye anayepoteza nusu siku. Fundi wa kutembea ameubeba mzigo huo wote mwenyewe. Akitoka Tabata kwenda Mbezi Beach ameshatumia pesa kabla hajagusa nati hata moja, na akifika akagundua kwamba filta aliyobeba si yenyewe, safari inakuwa mbili kwa malipo ya kazi moja. Ndiyo maana wengi huianza kazi hii kwa kishindo wakaiacha kimyakimya, wakiwemo wenye mikono mizuri kuliko wote mtaani. Nimewatazama kwa muda mrefu wale wanaodumu jijini Dar es Salaam, hasa mmoja wa upande wa Tabata anayetengeneza gari langu na magari ya majirani zangu. Nimeridhika kwamba wanajua kazi ya pili, iliyojificha nyuma ya ile ya spana: kuuliza, kupanga, kuandika, na kukataa. Hiyo ndiyo inayowalisha.

Kazi huanzia kwenye simu. Mama wa Kinyerezi anapiga asubuhi, gari limegoma kuwaka na watoto wanachelewa shule. Fundi mwenye papara atasema "nakuja" na kurukia pikipiki. Huyu wetu anasalimia kwanza. "Shikamoo mama. Pole. Hebu niambie, ukigeuza ufunguo linalia tak-tak-tak, au linazunguka ila haliwaki?" Linalia tak-tak. "Na taa za dashibodi zinafifia hapohapo?" Zinafifia. "Betri umebadilisha lini?" Mama hakumbuki vizuri, ila anajua ni kabla mtoto wake wa mwisho hajaanza darasa la kwanza. Fundi anashukuru na kumwomba asiendelee kuligeuzageuza.

Kwa majibu hayo matatu ameshajua mengi. Gari linalolia tak-tak huku taa zikififia lina njaa ya umeme: betri imechoka, au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe na wa kijani ambao unyevu wa pwani hauchoki kuuotesha. Lingekuwa linazunguka bila kuwaka, angefikiria pampu ya mafuta, plagi, koili au sensa, na angebeba mkoba mwingine. Sasa anabeba mita ya umeme, nyaya za kuazima moto, brashi ya waya, na anapita dukani kuulizia betri ya ukubwa unaohusika bila kuilipia. Hailipii kwa sababu bado hajapima. Betri iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.6. Injini ikishawaka, altaneta ikiwa nzima, mita hupanda hadi kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, betri mpya itakufa ndani ya siku chache kama ile ya zamani, na mama atalaumu betri, kisha duka, kisha fundi. Nimemwona akisafisha vichwa vya betri, akakaza, akapima, na kurudi zake bila kuuza kitu. Alilipwa kazi yake tu, na mama yule amekuwa akimpelekea wateja tangu siku hiyo.

Jambo la pili analoomba kwenye simu ni picha ya kadi ya gari, au ya kile kibati chenye namba ya chesisi. Watu wengi hudhani kusema "nina IST" kunatosha. Toyota IST za kizazi cha kwanza, zilizoanza kutoka Japani mwaka 2002 na ambazo zimejaa katika kila mtaa wetu, zina sura moja na matumbo tofauti. NCP60 ina injini ya sisi 1,300, NCP61 ina ya 1,500, na NCP65 ni ya 1,500 inayovuta kwa magurudumu yote manne. Muuza spea wa Gerezani ukimpa jina tu atakupa kilicho karibu na mkono wake. Ukimpa namba ya chesisi, atakupa kinachoingia. Fundi wa gereji akikosea spea, humtuma kijana akaibadilishe huku yeye akiendelea na gari la pili. Fundi aliyeko Goba akikosea, siku yake imekwisha. Tofauti hiyo ndogo ya herufi na tarakimu ndiyo mpaka kati ya faida na hasara, naye anaichunga kwa namna inayonipendeza sana: picha zote za kadi amezihifadhi kwenye simu kwa majina ya wenye magari, na kabla ya kwenda dukani huzifungua tena, hata kama gari ameshalihudumia mara nyingi.

Mkoba wake mwenyewe ni somo. Ni mdogo. Wanaoanza hubeba spana zote walizonazo, mgongo ukauma na nusu ya vyuma visiguswe kutwa nzima. Yeye amegundua kwamba kwenye magari ya Kijapani anayoyahudumia, namba 10, 12, 14 na 17 hufanya sehemu kubwa ya kazi, na 21 hufungua magurudumu. Hizo zimepangwa kwenye kitambaa chenye mifuko, kila moja mahali pake, ili kazi ikiisha mfuko ulio wazi umwambie palepale kwamba kuna spana imebaki chini ya boneti. Jeki haitoki bila stendi mbili, kwa sababu haingii chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa dakika moja, na saidia fundi wake anajua kwamba akikutwa ameingia hivyo, atarudishwa nyumbani. Kuna pia torki renchi, chombo ambacho mafundi wengi wa mtaani hukiona anasa. Nati za magurudumu ya Toyota ndogo hutakiwa kukazwa kwa takriban nyutoni mita 103. Wengine hupanda juu ya spana na kuruka, mteja akipata pancha usiku barabarani hawezi kuzifungua. Huyu anakaza kwa mpangilio wa nyota, anasikia ule mlio wa "tik", basi. Hapo mteja anaona kwa macho yake kilichomfanya alipe.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo moja ambalo kwangu linaonyesha ufundi huu kuliko yote. Gari linatetemeka likiwa limesimama, taa ya injini imewaka. Fundi anachomeka mashine ya kusomea, inatoa P0301, maana yake silinda ya kwanza haichomi vizuri. Hapa ndipo pesa za Watanzania wengi hupotelea. Mwingine angesema "koili imekufa, leta pesa", na akibahatika itakuwa kweli. Lakini mashine haikusema koili. Imesema silinda. Inaweza kuwa koili, inaweza kuwa plagi, nozeli, waya, hata ugonjwa wa ndani ya injini. Injini hizi za IST zina koili nne, kila plagi na ya kwake, na zinafanana. Fundi wangu anafungua bolti ya koili ya kwanza kwa namba 10, anaihamishia silinda ya pili, ya pili anaileta ya kwanza. Anafuta ile namba, anawasha, anasubiri. Mashine ikirudi kusema P0302, ugonjwa umehama pamoja na koili, na koili ndiyo yenye kosa. Ikirudia P0301, koili haina hatia na anaendelea kutafuta, sasa kwa plagi. Hajanunua kitu. Hajabahatisha. Ametumia dakika chache na spana moja, na mteja aliyesimama pembeni ameelewa kila hatua kwa sababu alielezwa. Tena anajua mipaka ya mashine yenyewe: kanuni ya soketi moja na lugha moja ya makosa iliwekwa kwa lazima nchini Marekani kwa magari ya kuanzia mwaka 1996, na magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hayakufungwa nayo, kwa hiyo baadhi hayazungumzi kabisa na vile vimashine vya bei rahisi. Aliponunua mashine yake, alikwenda dukani akiwa na gari la rafiki yake, akaijaribu kabla ya kulipa.

Sevisi ya kawaida ndiyo mkate wa kila siku, na hapo pia uangalifu wake haupungui. Injini ya sisi 1,500 ya IST hupokea karibu lita 3.7 za oili ukibadilisha pamoja na filta. Galoni ya dukani ni lita 4. Wengi humimina yote, kwa kuwa mteja amelipia yote. Yeye humimina, husubiri, huchomoa kijiti, hufuta, huchomeka tena, husoma, huongeza kidogo. Kinachobaki hukifunga na kukiweka kwenye buti la mteja. Kabla ya kufunga filta mpya hupaka oili nyembamba kwenye mpira wake, huizungusha kwa mkono hadi iguse, kisha robo tatu ya mzunguko, tena kwa mkono. Washa ya ile bolti ya kumwagia oili hubadilishwa kila mara. Ni kitu cha bei ndogo mno, lakini oili ikianza kudondoka usiku kwenye uwanja wa mteja, fundi atarudi Kunduchi kwa nauli yake mwenyewe. Na hukataa kumimina oili nzito ya 20W-50 kwenye injini ambayo kitabu chake kinataja 5W-30, hata mwenye gari akisisitiza kwamba ndiyo aliyoizoea. Humweleza kwa upole kwamba mfumo wa VVT-i unaendeshwa kwa msukumo wa oili hiyohiyo, na oili nzito huchelewa kufika.

Chini ya gari hutandaza turubai, juu yake maboksi yaliyokunjuliwa. Oili chafu huingia kwenye kidumu chenye kifuniko na huondoka naye. Kuna wanaoitaka, wapo wanaopaka nguzo kuzuia mchwa, na yeye humpa anayekuja na chombo chake. Mtaroni haimwagi, kwa sababu mitaro mingi ya jiji hili huishia Mto Msimbazi na mto huishia baharini. Kuna sababu ya kibiashara pia. Anahudumia magari kwenye maegesho ya ofisi za Mikocheni na Masaki, mahali ambapo gari hukaa tangu asubuhi hadi jioni bila kazi. Hiyo ni hazina kubwa, na mlinzi wa geti ndiye mwenye funguo zake. Tone moja jeusi kwenye vitofali vya uwanja linatosha kumfungia mlango, yeye na magari yote yaliyomo ndani. Kwa hiyo kabla ya kuondoka huinama na kukagua chini, kisha humwita mlinzi aje aone.

Sasa hesabu zenyewe. Tuseme ufundi wa sevisi moja ni shilingi 30,000, na kwenda na kurudi Tegeta kunamla 6,000 za mafuta ya pikipiki. Akienda kwa gari moja atabaki na 24,000 na sehemu kubwa ya siku imeishia barabarani. Akiwa na magari matatu huko huko, barabara ni ileile, naye atarudi na 84,000. Hivyo ameligawa jiji kwa siku. Kuna siku ya Barabara ya Bagamoyo, siku ya Barabara ya Morogoro, siku ya Kigamboni ambako hujumlisha na tozo ya daraja. Mteja wa Tegeta akipiga siku ya Barabara ya Morogoro kwa jambo lisilo la dharura, ataambiwa kwa heshima asubiri. Wengi hukubali. Mwenye haraka hulipa nauli ya peke yake, na hutajiwa kabla. Ninaiona hii kuwa hatua ngumu kuliko zote kwa fundi kijana, kwa sababu njaa humsukuma kukubali kila simu. Hata swali la chombo cha usafiri limejibiwa hapo: wengi huota kununua kigari cha mizigo, Kirikuu, wakapata sehemu ya kubandika jina la biashara na deni la kulipa. Pikipiki yenye sanduku nyuma hupita foleni ya Ubungo, na kwa sevisi, breki na umeme inatosha.

Usiku una wateja wake. Madereva wa teksi za mtandaoni wengi wanaendesha magari ya watu na wanadaiwa hesabu kila siku au kila wiki. Gari likilala gereji, hesabu hailali. Mtu huyu anamaliza kilomita 5,000 upesi kuliko mwenye gari la nyumbani, kwa hiyo anahitaji sevisi mara nyingi, na anaitaka saa ambayo abiria wamepungua. Fundi anayekubali kufanya kazi saa tatu usiku, chini ya taa ya kichwani, kwenye uwanja wa kituo cha mafuta kwa ruhusa ya msimamizi, anampata mteja wa kudumu na wenzake wa kijiweni.

Kuna jambo ambalo lazima lisemwe waziwazi, kwa sababu ndilo linaloharibu jina la mafundi wetu: cha juu. Fundi anakutajia ufundi wa bei ya chini, unafurahi, kisha anaifidia kwenye spea. Pedi za breki za 35,000 zinakuwa 55,000. Siku mteja akipita Kariakoo na kuuliza bei, uhusiano umekwisha, na kila kilichowahi kufungwa kwenye gari lake kinaanza kutiliwa shaka. Mafundi wengi hawafanyi hivyo kwa ubaya wa moyo. Wateja wetu hubishania ufundi hadi shilingi ya mwisho huku wakilipia chuma bila neno, na fundi anajifunza kujificha nyuma ya chuma. Huyu wa Tabata aliamua kuachana nacho. Risiti ya duka inakwenda kwa mteja ilivyo. Spea ya zamani inarudishwa mkononi mwa mwenyewe. Ufundi unatajwa peke yake, ni mkubwa kuliko wa jirani, na kuna ada ya kuja kuangalia ambayo inakatwa kwenye ufundi kazi ikifanyika. Pesa ya spea hutangulia, haikopeshi, kwa kuwa mtaji ukishalala kwenye magari ya watu wanne, la tano litamkuta hana nauli. Alipoteza wateja mwanzoni. Waliobaki hawamwulizi bei tena.

Daftari lake ni la kurasa nyingi, la jalada gumu, na simu haijaweza kulistaafisha. Kila gari lina ukurasa: namba ya usajili, kilomita za siku hiyo, kilichobadilishwa, aina ya oili, na chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, kile alichokiona ambacho bado hakijafika wakati wake. Pedi za mbele zimebaki milimita 4. Bushi ya kushoto imeanza kupasuka. Mpira wa stabilaiza unalia. Hayo hayalazimishi siku hiyo. Baada ya miezi kadhaa humpigia mwenye gari: "Kaka, zile pedi za mbele nadhani sasa zimefika, Alhamisi nipo upande wenu." Simu hiyo ni kazi aliyojipatia bila tangazo, na mwenye gari anaipokea kwa shukrani kwa sababu mara ya kwanza aliambiwa asitumie pesa.

Kukataa nako ni ujuzi. Kufungua injini, kushusha giaboksi, kunyoosha bodi, kazi hizo hazifanyiki kwenye uwanja wa mtu wenye mchanga unaopeperuka. Kijana mwenye tamaa huzikubali, gari likakaa juu ya mawe wiki nzima huku sevisi zake nyingine zote zimesimama. Huyu hulipeleka gari kwa mwenye gereji anayemwamini, hukaa upande wa mteja wakati wa makubaliano ya bei, na huchukua malipo yanayojulikana kwa usimamizi wake. Kwa gari lililopita kwenye maji ya mafuriko likazimika, agizo lake kwenye simu ni moja: usiwashe tena. Maji yakiwa ndani ya silinda, pistoni haiwezi kuyagandamiza, na kujaribu mara moja zaidi kunaweza kupinda koneti rodi. Kwa agizo hilo la bure ameokoa injini za watu ambao hakuwahi kuwatoza.

Karatasi nazo zina nafasi yake, ingawa si sehemu inayonivutia. Kampuni yenye magari kumi haitamlipa mtu asiye na TIN wala ankara, na VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia ujuzi kazini bila kupita chuoni. Fundi anayetaka mikataba apite huko mapema.

Wewe mwenye gari una sehemu yako, na ni ndogo. Ukimpigia fundi wa kutembea, mtumie picha ya kadi kabla hajakuomba, jibu maswali yake bila haraka, na usimtajie utakachonunua kabla hajapima. Mtengee kivuli na ndoo ya maji. Akikuta tatizo lilikuwa fyuzi ya bei ya andazi, mlipe nauli yake na ufundi wake palepale alipo. Usimwambie utamtumia jioni.